Abiria wa Daraja la Kikuletwa

Wapo watakaosema nilisinzia nikaota. Sikusinzia. Ilikuwa alasiri, jua linawaka, nami nilikuwa nimetoka kunywa chai kwenye stesheni ya Arusha. Mchungaji wetu wa Akheri anajua habari hii, na ndugu zangu walioshika majembe wanajua. Nisikilize mpaka mwisho, kisha ukitaka uniite mwongo.

Wakati ule Mwingereza bado anatawala, nami nilifanya kazi katika chama cha wakulima wa kahawa huku Meru. Kila msimu nilipeleka sampuli za kahawa kwa wanunuzi Tanga. Meneja wetu, mzungu mmoja mwenye haraka, alikuwa ameanza kunikatia tiketi ya ndege. Na niamini, niliipenda ndege ile kupita kiasi! Asubuhi uko Arusha, kabla ya chakula cha mchana uko Tanga, na ukirudi kijijini watu wanakutazama kama umetoka mbinguni. Garimoshi lilikula alasiri nzima na usiku kucha, na masizi yanakuingia mpaka masikioni. Nani angelitaka?

Siku hiyo wingu lilikuwa limeukalia mlima tangu alfajiri, ndege haikuruka. Ilipofika mchana wingu limeondoka, lakini rubani naye alishakwenda zake. Nikapanda garimoshi nimenuna, nikakaa peke yangu katika chumba cha daraja la pili, na mifuko yangu ya kahawa miguuni.

Tulipotoka stesheni ya Usa River nikaona kijana ameketi mbele yangu. Sikumwona akifungua mlango. Alikuwa wa miaka ishirini na kitu, kifua wazi, shuka imefungwa kiunoni, miguu imelowa tope jekundu mpaka magotini. Shingoni alivaa uzi wa ushanga wa bluu wenye punje moja nyeupe katikati. Alinitazama usoni bila kupepesa, na hakuniamkia.

Mimi nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, nina mke na watoto, nimevaa koti. Nikamuuliza kama kwao vijana hawaamkii wakubwa.

Akanijibu kwa Kimeru, taratibu, "Nakungoja wewe uniamkie."

Kisha akaniita kwa jina langu la utotoni. Sitalitaja hapa. Lilikuwa jina la ndani ya nyumba, na duniani kote alibaki mtu mmoja tu aliyelijua, mama yangu Nsia.

Sasa lazima nikueleze jambo moja. Mimi sikumjua baba. Reli ya kutoka Moshi kuja Arusha ilipokuwa inajengwa, alikwenda kufanya kazi ya kubeba mawe, akaniacha nanyonya. Hakurudi. Msimamizi wao alimpelekea mama habari kwamba mumewe ametorokea Tanga na mwanamke. Mama aliishi na aibu hiyo miaka yote. Wifi zake walimsema kisimani, na mimi nilipigana shuleni kwa sababu ya maneno hayo. Kila nilipofika Tanga nilikuwa nikiangalia nyuso za wazee sokoni, nikitafuta pua yangu. Je, ungefikiri nitafute uso wa kijana?

Nikamwamkia. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Akatabasamu, na pua ilikuwa yangu kabisa. Akauliza kama lile kovu la moto kwenye kiganja cha mama lilipona vizuri. Nikasema lilipona. Akauliza mama aliambiwa nini juu yake. Nilitamani kudanganya, nikashindwa. Nikamwambia, "Kwamba ulikwenda Tanga na mwanamke."

Maji yalikuwa yanamtoka miguuni na kutambaa sakafuni.

"Mimi sikufika hata Moshi," akasema.

Akanieleza kwamba mvua ilinyesha usiku, ukingo wa mto ukamporomokea alfajiri akiwa peke yake chini na mawe yake. Hakuna aliyemchimbua. Garimoshi likaanza kupunguza mwendo, tunaingia daraja la Kikuletwa. Akanyoosha mkono dirishani, akanionyesha nguzo ya pili, upande wa jua linakochomoza. Nilipogeuka kumtazama, kiti kilikuwa kitupu.

Mkaguzi wa tiketi akaingia, akatazama sakafu, akaniuliza kwa nini nimemwaga maji. Nilikuwa nalia na kucheka pamoja. Woga? Haukuwepo hata chembe! Nilikuwa kama mtoto aliyeletewa nguo za Krismasi. Baba yangu hakutukimbia!

Nikashuka stesheni iliyofuata na mifuko yangu, nikarudi nyumbani kwa lori la mkaa. Mama alikuwa anamenya ndizi. Nilimsimulia yote, naye akiendelea kumenya. Kisha akauliza, "Shingoni alikuwa amevaa nini?"

Nikamwambia. Kisu kikamtoka mkononi. Ule ushanga aliutunga yeye mwenyewe, na ile punje nyeupe aliiweka kwa sababu za bluu zilimwishia.

Tulikwenda na mchungaji na ndugu kumi na wanne, kwa ruhusa ya bwana stesheni. Tulichimba siku mbili. Siku ya pili, jua likiwa juu, tukamkuta, na ushanga kati ya mifupa. Mama aliuosha kwa maji ya mto, akauvaa. Tukamzika baba kijijini Akheri, kwenye migomba yake, na wifi zake mama walipiga magoti mbele yake wakaomba msamaha. Akawasamehe. Mimi ningechelewa kidogo kusamehe.

Meneja alikasirika kwa ajili ya sampuli, kisha akasahau, akanikatia tena ndege. Nikamwomba anikatie garimoshi, safari ile na zote zilizofuata. Alidhani naogopa kuruka. Nikamwacha adhani hivyo.

Maana sikiliza: baba hakuwa peke yake pale. Msimu uliofuata, mahali palepale, alikaa mbele yangu mtu mwingine, mzee kidogo, sikio moja limetobolewa, Kiswahili chake cha watu wa mbali. Akasema tu, "Na mimi nipo pale." Basi mimi, kwa furaha yangu, nikaanza kumsimulia! Habari za baba, za ushanga, jinsi tulivyochimba, jinsi mama anavyocheka siku hizi. Naye akanisikiliza kwa adabu mpaka magurudumu yakaanza kulia juu ya daraja. Alikuwa amefungua mdomo. Kisha hakuwepo.

Sikuwa nimemuuliza jina. Sikuwa nimemuuliza kwao ni wapi.

Nimesafiri njia ile mpaka nikastaafu, daima dirisha lile, daima daftari mkononi. Mtu yule hajarudi. Kwa hiyo nakuonya wewe unayepanda garimoshi kuelekea Moshi: akikaa mtu mbele yako baada ya Usa River, usitetemeke, na usijisifu kwa habari zako. Muulize jina lake, na jina la kwao, na ni nani anayemngoja. Uliza upesi. Kutoka pale mpaka darajani si mbali.