Kitufe cha Baadaye

Juzi nilikuwa kwenye ofisi moja hapa Kigoma inayowatafutia wauza dagaa wateja. Mama mmoja muuza dagaa kutoka Kibirizi analia shida: mwizi kaingia kwenye barua pepe ya ofisi, kamwandikia mteja wake kwamba dagaa wake wameoza. Mteja kakimbia.

"Fundi anasema programu ya barua pepe ina tundu, mwizi kapita hapo," bosi wa ofisi akajibu, anajipepea kwa kitambulisho. "Dawa ipo, kompyuta inaniuliza kila asubuhi kama iiweke. Nabonyeza 'baadaye', maana inachelewesha kazi."

"Na leo, baba?"

"Leo nilikuwa na haraka, mama. Nilikuwa namwandikia mteja wako kwamba ule ni uongo."

"Kwa barua pepe hiyo hiyo?"

Bosi akaangalia feni.

Mimi ndugu zangu nimewapatanisha sana, ila sijawahi kumtuma mchonganishi apeleke maneno ya suluhu. Labda ni kwa sababu sikusoma.