Upinde wa Zoubeir na Shibiri za Kukulia

Mjomba wangu Maoulida, fundi wa magodoro pale mtaa wa Antanimasaja, hajawahi kumnunulia mtoto kitu kinachomtosha siku hiyo hiyo. Si yeye peke yake. Kwetu sisi Wakomoro wa Mahajanga, nguo ya Idi hununuliwa ikiwa na nafasi ya kukulia: pindo hukunjwa ndani mara tatu, kila mwaka hufumuliwa mkunjo mmoja, na aghalabu kanzu huchakaa kabla mtoto hajaifikia. Lakini mjomba alizidisha. Viatu alivyomnunulia mdogo wangu Zoubeir akiwa na miaka minne vilikuwa kama mitumbwi miwili. Mjomba alishindilia sufi mbele, sufi ile ile ya magodoro, akamwambia, "Haya, tembea." Alipofika miaka sita bado alikuwa anavishindilia sufi.

Mwezi wa tano mwaka 1962, mimi nikiwa nakaa kwake kwa ajili ya shule, ikaja barua ya mama kutoka Ambondrona, kule kisiwani Nosy Be. Mwalimu wa huko alikuwa ameamua kwamba nchi iliyojitawala inahitaji watoto wenye shabaha. Sikukuu ya Uhuru kila mtoto angekuja na upinde wake, apige mshale mmoja mbele ya watu. Nilimsomea mjomba, yeye akiwa anashona godoro.

"Kaka," mama aliandika, "zawadi za mtoto wa dada ni haki yako, hilo halina ubishi. Lakini shemeji Hamidou anasema, kikija kitu kingine kisichofaa, kuanzia hapo upande wa baba ndio utakaomnunulia Zoubeir kila kitu, hata joho la harusi. Na mimi safari hii nitamkubalia. Nimetia uzi humu, fundo ndio urefu wa mtoto."

Mjomba aliiacha sindano ndani ya godoro. "Hata joho la harusi?"

"Ndivyo alivyoandika."

"Soma tena." Nikasoma tena. Joho lilikuwa pale pale.

Kesho yake tulikwenda kwa mzee Mmadi, mchonga bakora, ambaye alijua pia kutengeneza pinde. Mjomba alijiona mjuzi, maana miaka ishirini na mitano ameshika upinde wa kuchambulia pamba, ingawa upinde huo haujawahi kumpiga hata kuku. Mzee Mmadi alitoa pinde tatu. Mjomba hakuzivuta. Alichota pamba mfukoni, akaiweka sakafuni, akaipiga kwa ugwe wa kila upinde, moja baada ya moja.

"Huu wa katikati unachambua vizuri," akasema.

"Maoulida, mtoto anakwenda kupiga shabaha, hashoni godoro," alisema mzee Mmadi. "Upinde wa kwanza uwe mwepesi. Usimpite kidevu. Auvute mara kumi na mkono usitetemeke. Lete huo uzi." Akaunyoosha, akautazama. "Ana miaka mingapi?"

"Sita."

"Sita? Huko Nosy Be anakula nini?"

"Samaki. Ongeza shibiri mbili."

"Za nini?"

"Za kukulia."

"Upinde si kanzu, ndugu yangu. Pindo lake utalikunja wapi?"

"Utajikunja wenyewe. Si ndiyo kazi yake?"

Mzee Mmadi alinitazama mimi, labda akitafuta msaada. Mimi ndiye niliyeshika uzi kwenye mti wakati akitia alama, na sitaficha: nilipoona mjomba hatazami, niliusogeza uzi juu vidole vinne. Sikutaka mdogo wangu abanwe.

Upinde ulipokamilika haukuingia mlangoni kwetu ukiwa umesimama. Tuliupeleka bandarini juu ya pousse-pousse, kigari cha kukokotwa na mtu, na mvutaji wake alilalamika kwamba abiria yule hakunji miguu. Ndani ya meli tuliufunga kwenye nguzo, na kabla hatujafika mama mmoja alikuwa ameuanikia nguo za mtoto. Mjomba hakuziondoa. Alisema zinaupima nguvu.

Siku ya sikukuu uwanja wa shule ulijaa. Mjomba alikuwa amechangia godoro kuukuu liwe shabaha. Ami Hamidou, ndugu yake baba, alikuja akauzunguka upinde mara mbili.

"Shemeji, hii boriti ya paa umemletea nani?"

Mama alishika kichwa. "Kaka, nilituma uzi mimi. Nilituma uzi."

Mjomba alitoa uzi mfukoni, akamsimamisha Zoubeir, akamwekea. Fundo lilipita kichwa chake kwa shibiri nzima.

"Niliongeza kidogo," mama akasema polepole. "Mtoto hukua."

"Na mimi vidole vinne," nikasema, kwa kuwa siku ile ilikuwa ya kusema.

"Shibiri mbili tu ndizo zangu," mjomba alimwambia ami Hamidou, akanyoosha kanzu yake.

"Avute, basi, tuone," alisema ami.

Wenzake Zoubeir walikwisha kupiga kwa vijipinde vyao, na mishale ikaanguka karibu na miguu ya wapigaji. Zoubeir akaitwa. Akasimama, akavuta. Ugwe haukushtuka. Akavuta tena, akazungushwa yeye. Ami Hamidou alianza kusugua viganja. Mjomba alikuwa ameinamisha macho kama mtu anayesikiliza khutuba.

Ndipo Zoubeir akalala chali vumbini. Akainua miguu, akaukanyagia upinde kwa vile viatu vyake, mshale ukapita katikati, akaushika ugwe kwa mikono yote miwili. Kwa miguu yake mwenyewe upinde ungemteleza; zile soli ndefu ziliukamata kama gati inavyokamata meli. Akavuta mpaka uso ukaiva, akaachia.

Mshale uliingia godoroni ukatokea upande wa pili, ukaenda kujichoma kwenye mlango wa darasa. Sufi ilifumuka yote kwa mara moja, ikapaa, ikawatulia wakubwa waliokaa mstari wa mbele, wote wakawa na mvi.

"Ile nimeichambua mwenyewe," mjomba alimwambia jirani yake.

"Lakini haukumfaa," alisema ami Hamidou, sufi ikiwa imemganda kwenye masharubu. "Kalala chini."

"Basi umemfaa akiwa amelala," mama akajibu. "Joho ni la kaka."

Asubuhi yake, kabla ya kurudi bandarini, mjomba alimsimamisha Zoubeir ukutani ampime joho la harusi. Alifunga fundo juu ya bega, akafikiri, akalisogeza juu shibiri tatu. Mama alimpokonya uzi. Nilidhani anakwenda kulishusha.

Akalipandisha vidole vinne.