Kiti cha Mbele

Georgette na Adèle walitoka tumbo moja, ila baba zao walikuwa wawili. Baba yake Georgette, Papa Augustin, alikuwa fundi wa mitambo kwenye meli za mtoni. Baba yake Adèle alikuwa mzungu mnunuzi wa kahawa, aliyeondoka Kisangani kabla mtoto hajaanza kutambaa, wala hakuandika tena. Mama yao alirudi nyumbani kwa mume na kile kitoto cheupe, Papa Augustin akawapokea wote wawili, akamlea Adèle kama wake, na hapo mtaani Tshopo hakuna aliyethubutu kumcheka mbele yake.

Wivu wa Georgette ulianza mapema. Wauza mikate ya mafuta sokoni walimwongezea Adèle mmoja bila kuombwa. Masista walimpanga mbele kabisa kwenye maandamano ya Sakramenti, ati maua yanamkaa vizuri. Georgette ndiye aliyemsuka, na kila mwanamke aliyepita akisifu zile nywele laini, mkono wake uliukaza uzi. Adèle alitokwa na machozi bila kusema kitu. Alidhani kusukwa ndivyo kulivyo.

Vita vya pili vya nchini kwetu vilipoingia mjini, wazazi wote walikuwa wameshakufa na wale dada wawili walibaki katika nyumba ya Papa Augustin. Georgette alikuwa na diploma ya Serikali, na alikuwa amepiga mashine ya kuandikia barua kwa miaka katika ofisi ya kiwanda cha nguo, ambacho sasa kilikuwa kimesimama. Adèle aliacha masomo njiani, akawa anauza sabuni. Mji ulizidi kujaa. Watu wa barabara ya Bengamisa walikuja wakikimbia askari, vijana walikuja kutafuta almasi, na wafanyabiashara wa Butembo walifuata bidhaa zao zilizoshushwa na ndege. Petroli ilikuwa adimu, watu wakabebwa nyuma ya baiskeli, zile tunazoita toleka. Lakini kule Makiso, katikati ya mji, mbele ya kontwari, ofisi za wageni wanaonunua almasi, magari meupe yalipangana na taa ziliwaka hata mchana. Maporomoko yanayotoa umeme yako Tshopo, na Tshopo ndiyo iliyokaa gizani.

Siku moja Georgette alisikia kwamba kontwari fulani inatafuta mtu wa kupokea wateja. Alivaa ile suti yake ya kitenge, akamwomba Adèle amsindikize amshikie mwavuli. Patron, mwenye kontwari, mzungu mmoja aliyekuwa na haraka ya kila kitu, alimuuliza maswali machache, akamwandikisha barua, akaisoma akaridhika. Kisha akatazama dirishani na kuuliza yule msichana aliye nje ni nani.

Jioni ile wote wawili walikuwa na kazi. Adèle aliwekwa mbele, kwenye kiti chenye mto mwekundu, ili anayeingia akutane na uso wake. Georgette alipewa chumba cha nyuma, kando ya jenereta, apige barua zote ambazo Adèle hakuweza kuzipiga. Patron alimweleza bila kuona haya kwamba wateja wanapenda kuona sura ya namna fulani. Alisema kama mtu anayeeleza habari ya mvua. Mshahara wa mbele ulikuwa mkubwa kuliko wa nyuma, na Georgette alikubali, maana nyumbani walikuwa wakila mara moja kwa siku.

Miezi ile ilimla. Kwenye kelele za jenereta alisikia wateja wakimwita mdogo wake mademoiselle, naye anacheka. Alinunua mafuta ya kung'arisha ngozi, akajipaka kwa siri mpaka mashavu yakamwasha na vidole vikabaki vyeusi kwenye viungo. Adèle aliona, akamletea mafuta ya mawese ya kutuliza, na hisani hiyo Georgette hakumsamehe.

Kuna kitu alikigundua polepole. Ndani ya kontwari kulikuwa na choo safi, na ufunguo wake ulikaa kwa patron na wageni wenzake. Georgette alizoea kuvuka barabara kwenda kuomba kwa majirani. Siku moja alimkuta Adèle huko huko, amesimama kwenye foleni na viatu vyake vya kisigino, ameinamisha kichwa. Wangeweza kuongea. Georgette alifurahi kwamba naye hana ufunguo, akajificha nyuma ya ukuta mpaka mdogo wake akaondoka.

Halafu majeshi mawili ya kigeni, yaliyoingia na vita na kugawana mji, yakaanza kukorofishana. Mwezi wa tano walipigana, wakatulia, na kila mtu alijua hawajamaliza. Asubuhi moja ya mwezi wa sita, Adèle akiwa amebaki nyumbani na homa, Moïse, dereva wa kontwari, aliingia chumba cha nyuma na kufunga mlango. Alisema patron anaondoka adhuhuri kwa ndege ndogo kutoka uwanja wa Bangoka, pamoja na wageni wengine. Nafasi moja imebaki, na patron ameamua iwe ya Adèle. Afunge mfuko mdogo, gari litamngoja kwenye njia panda.

Georgette aliuliza, "Na mimi?"

Moïse, aliyemwita yaya, yaani dada mkubwa, alitazama sakafu. "Yaya, amesema kiti ni kimoja. Amesema yule ni kama wa kwao."

Georgette alimshukuru, akafunika mashine, akaenda nyumbani kwa mguu. Homa ilikuwa imeshuka na Adèle alikuwa uani, anatwanga ndizi za lituma. Georgette alikaa kwenye kigoda, akamwangalia zile nywele, na maneno ya Moïse yakabaki mdomoni kama mwiba wa samaki. Walikula. Katikati ya chakula ndege ilipita juu ya mabati. Adèle aliinua macho, akasema hao wanajua wanakokwenda. Georgette alimwambia ale, chakula kinapoa.

Mabomu yalianza siku iliyofuata. Makombora yalivuka juu ya Tshopo kutoka huku na huku, na watu walilala chini katika nyumba zao wakiomba Mungu. Wale dada walijibana kwenye korido, kati ya kuta mbili, bila maji, chini ya godoro. Kombora moja liliangusha jiko lao lote na kumwua jirani yao, Mama Olga, aliyekuwa ametoka kutafuta wajukuu wake. Vumbi lilipotua Georgette aliona damu kwenye sikio la Adèle, na hapo ndipo aliposema yote, haraka haraka, gari, njia panda, kiti.

Adèle alipangusa ile damu kwa kiganja, akaitazama.

"Ulifikiri ningekuacha hapa?" aliuliza.

"Ndiyo. Mimi ningekuacha."

"Na kweli ningeenda," Adèle alisema. "Sikudanganyi. Lakini wewe ndiye ungenifungia huo mfuko, yaya. Siku zote nilikufikiria hivyo."

Walikaa chini ya godoro mpaka milio ilipokoma. Walitoka pamoja, wakapita kati ya maiti, wakashika njia ya Masako na watu wengine wengi, na porini huko Georgette alimtafutia mdogo wake maji, akamwosha sikio. Adèle alimwacha aoshe. Sikio lile halikusikia tena.

Patron alirudi mvua zilipozidi, akapaka kontwari rangi mpya na kuweka kwenye kile kiti metisi mwingine, msichana wa damu mbili kama Adèle, aliyetoka naye Bunia. Habari za Adèle aliuliza mara moja tu. Georgette aliitwa arudi nyuma kwenye mashine. Aliomba akae mbele. Patron alicheka, akidhani ni utani, naye Georgette akachukua mwavuli wake akatoka, akaenda kukodi mashine kuukuu na kuandikia watu barua mbele ya ofisi ya komini, ile ya serikali ya mtaa, barabarani, kila apitaye akimwona.

Vita vilipokwisha na mto ukafunguliwa tena kwa meli, Adèle alihamia Basoko, akaolewa na mfanyabiashara wa samaki wa kukausha. Hakuwahi kusema kwamba amesamehe. Mara mbili tatu kwa mwaka hupanda mashua ya wafanyabiashara kuja Kisangani, na Georgette humngoja gatini. Mara ya mwisho vijana wapagazi walimkimbilia Adèle wote pamoja, kila mmoja akitaka kumbebea mzigo, na wakampita Georgette kana kwamba ni nguzo. Kile kitu cha zamani kilimpanda kifuani, na safari hii alikisema.

"Wivu haujaisha, leki, mdogo wangu."

Adèle aligeuza upande wa sikio zima. "Najua," alisema, akawalipa vijana waende zao, na wale dada wakalishika gunia la samaki huku na huku, wakapanda nalo kilima hadi barabarani, wakipumzika njiani mara kwa mara maana lilikuwa zito.