Daftari la Sakafu Arobaini na Tatu

Siku ya kwanza nilipomwona, nilidhani amepoteza kitu. Ilikuwa saa moja asubuhi na ukumbi ulikuwa mtupu, kiasi kwamba nyayo zangu zilisikika hadi kwenye viti vya juu. Mwanamume mrefu, nywele zimeanza kumhama utosini, alikuwa akitembea kutoka mstari mmoja wa pembeni hadi mwingine, akidunda mpira mara moja kwa kila hatua. Akifika mwisho anasogea kando kidogo, kisha anageuka na kurudi, kama mtu anayelima matuta. Kichwa alikuwa amekiinamisha, sikio moja kalitega chini.

"Umeangusha nini, kaka? Nikusaidie kutafuta?"

Aliinua kidole kuninyamazisha, akadunda. "Umesikia?"

"Nimesikia mpira."

"Wewe ndiye yule msomi wa takwimu, sivyo? Chuo chote kile, umesikia mpira tu!" Alicheka, akaniita kwa mkono. "Njoo. Sikiliza huu." Mpira uligonga sakafu, du, ukapanda hadi kiunoni. Alisogea hatua mbili. "Na huu." Safari hii ulitoa sauti nzito, pu, kama mtu aliyepiga godoro, ukaishia magotini.

Kwa wiki mbili tangu klabu iniajiri, nilikuwa nimekaa kwenye meza pembeni mwa sakafu ile nikiandika nani kafunga, nani kapoteza mpira na nani kamwibia nani. Haikunijia akilini hata siku moja kwamba sakafu nayo ina tabia zake.

Akanieleza. Uwanja wetu ni vipande vya mbao, kila kimoja ukubwa wa mlango, vilivyounganishwa juu ya saruji. Chini ya kila kipande kuna mito midogo ya mpira inayokiinua. Mito hiyo ikichakaa, kipande kinalegea, na mpira wa kikapu ukidundwa hapo unakufa. "Mchezaji anayekimbia haangalii chini," alisema. "Mkono wake unausubiri mpira kiunoni. Usipofika, amekwisha." Kisha akatoa mfukoni daftari dogo lenye jalada la plastiki, akachora mstatili na kuweka alama ya msalaba karibu na mstari wa kati, upande wa kushoto.

Wachezaji wenzake walimwita Sanduku. Alikuwa na miaka thelathini na saba, na kwa miaka kumi na sita alikuwa amechezea klabu kumi na moja, akifika kila moja na sanduku lile lile la kahawia. Hakuwahi kuwa nyota. Alikuwa yule mtu anayepigiwa simu mchezaji fulani akivunjika kidole, anayecheza dakika nane, anakaba vizuri, anashukuru, na msimu ukiisha anaagwa. Kwenye mabango ya klabu zote hizo utamkuta safu ya nyuma, pembeni, nusu ya uso imefichwa na bega la mtu.

Wiki kadhaa baadaye nilimwomba daftari nilisome. Alinipa bila kusita, nami nikakaa nalo jioni nzima. Kulikuwa na kumbi arobaini na tatu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa ukumbi wa shule ambako alilipwa mara ya kwanza kucheza. Ukurasa wa sita una misalaba miwili na maneno, "Nilikosa kikapu cha wazi, usilaumu mbao." Wa kumi na mbili una picha ya kufuli: walifika mazoezini wakakuta klabu imefungwa, mwenyewe haonekani. Ukurasa wa thelathini ulikuwa na mstatili mtupu. Kesho yake nilimuuliza kama ukumbi ule haukuwa na kasoro.

"Labda ilikuwapo. Sikupima." Alikuwa akifunga kamba za viatu. "Asubuhi ile ndiyo binti yangu alizaliwa. Nilikaa kwenye ngazi na simu mkononi mpaka kipyenga kikapulizwa. Nilimwona akiwa na miezi minne."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alikuja kwetu. Mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, na binti yao wa miaka tisa walikaa mtaa wa nyuma ya ukumbi wetu, mwendo wa dakika kumi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya mpira alikuwa akilala nyumbani kwake msimu ukiendelea. Lakini mkataba wake ulikuwa wa miezi miwili, na ungemalizika Jumamosi ya wiki ile. Klabu nyingine, safari ya siku mbili, ilikuwa imempa nafasi na ilitaka jibu kabla ya Jumapili adhuhuri.

"Nyumbani wananipenda sana," aliniambia, "lakini bado nawekewa taulo la wageni. Juzi binti kaniuliza, 'Baba, wewe utakuwa mgeni mpaka lini?' Nikamwambia amuulize kocha."

Kocha wetu alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi kati ya hayo yalikuwa ya kukemea. Alikuwa na kijana machachari tuliyemwita Umeme, ambaye angeweza kuchukua nafasi ya Sanduku kuanzia wiki iliyofuata. "Wewe umekuja kucheza au kupima shamba?" alimfokea Sanduku kila asubuhi. Sanduku alijibu, "Vyote, kocha," na kuendelea kudunda.

Mpango wa Sanduku kwa mechi ya Jumamosi ulikuwa rahisi. Mchezeshaji wa wapinzani, yule anayewapandishia mpira, alikuwa kijana aliyepewa jina la Cherehani, kwa jinsi alivyodunda mpira chinichini na haraka. Hakuna aliyewahi kumnyang'anya. Sanduku alikusudia kumswaga hadi kwenye msalaba wake wa kushoto.

Jumamosi nilimkuta amesimama katikati ya uwanja na daftari wazi, uso umemshuka. Alidunda mahali pa msalaba. Du. Akadunda tena. Du. Sakafu ilikuwa hai kabisa.

Fundi wa ukumbi alikuwa akipita na ndoo. "Mlipopumzishwa Jumatano, tulikuwa na maonyesho ya samani," alisema. "Tuling'oa mbao zote, jana tukazirudisha."

"Mlizirudisha kwa mpangilio ule ule?"

"Mpangilio gani, bwana? Mbao ni mbao. Zote zinafanana."

"Hazifanani hata kidogo, fundi."

"Basi ziulize zenyewe zilikuwa zinakaa wapi," fundi akajibu, akaenda zake.

Kipande kile kilikuwa mahali fulani humo humo, kati ya vipande zaidi ya mia mbili. Sanduku alianza kukitafuta mbio mbio, lakini hakumaliza hata robo ya uwanja. Kocha alimwita kwenye kikao, na tulipotoka milango ilikuwa imefunguliwa na watu wamejaa.

Alikipata, lakini si kwa namna aliyotaka. Robo ya tatu, akipandisha mpira upande wa kulia karibu na meza yangu, mkono wake ulishuka kuupokea mpira na mpira haukuwepo. Ulikuwa umefia magotini. Mpinzani akauchukua, akaenda kufunga peke yake. Ukumbi ukaangua kicheko. "Mpira umemkataa mzee!" mtu alipiga kelele. "Mrudishieni sanduku lake!"

Kocha alimtoa papo hapo. Nikaandika: kapoteza mpira, moja. Yeye alikaa kwenye benchi jirani na meza yangu, jasho likimtiririka, na nilipogeuka nilishangaa kuona macho yake yanang'aa.

"Msomi, umeandika ulipofia?"

"Sina safu ya mahali, kaka."

"Mstari wa pembeni kulia, hatua tatu kutoka katikati. Niwekee."

Nikauandika pembeni mwa karatasi.

Zilibaki sekunde ishirini na mbili, tuko nyuma kwa pointi moja, sabini kwa sitini na tisa, mlinzi wetu mkuu alipotolewa kwa faulo ya tano. Kocha alitazama benchi, akavuta pumzi, akasema, "Sanduku. Ingia. Usifanye maajabu."

Cherehani alipandisha mpira taratibu, akipoteza muda. Sanduku alimkaba kwa namna iliyonitia hofu: alisimama kushoto mno, akaacha upande wa kulia wazi, kama mtu aliyechoka. Cherehani aliliona pengo na kulikimbilia. Hatua moja, mbili. Kisha ile sauti, pu, na mkono wa Cherehani ukashika hewa. Sanduku alikuwa tayari ameinama. Aliuzoa mpira na kutoa pasi ndefu kwa Umeme, aliyekuwa peke yake chini ya kikapu. Umeme akaruka, akauweka kwenye ubao. Mpira ukazunguka mdomo wa kikapu mara moja, mara ya pili, ukatoka nje. Kipyenga kikalia.

Tulifungwa.

Umeme alikaa sakafuni, jezi usoni. Sanduku akamwinua. "Nisamehe, mzee," kijana alisema.

"Hata mimi nimewahi kukosa kama hicho, dogo. Ukurasa wa sita."

Watu walipokwisha kutoka nilikuwa bado nakusanya karatasi zangu. Kocha alikuja na mpira, akatembea kando ya mstari wa kulia akidunda. Du, du, pu. Alisimama. Akarudia mara tatu, kisha akamwita Sanduku.

"Ulimfungulia kulia makusudi?"

"Ndiyo, kocha."

"Nilidhani miguu imechoka."

"Imechoka pia."

Kocha hakucheka, lakini alijikuna kidevu. "Wiki ijayo tunacheza ule ukumbi wa bati jekundu."

"Ukurasa wa kumi na tisa. Ila nilipima miaka kumi na moja iliyopita, na leo nimejifunza kutoliamini daftari. Mtu afike mapema."

"Fika wewe. Mchukue na Umeme, umfundishe kusikia." Alimrushia mpira. "Utacheza dakika tano, si zaidi, mpaka mwisho wa msimu. Usije ukaninunia benchini."

"Benchi nimelikalia kumbi arobaini na tatu, kocha."

"Msomi atakuletea fomu ya mkataba kesho."

Nilifika kwake Jumapili kabla ya adhuhuri. Alinifungulia mwenyewe, simu sikioni, akiishukuru ile klabu ya mbali na kuiomba radhi. Sanduku la kahawia lilikuwa wazi juu ya kiti, tupu, na yeye alikuwa akihangaika na droo ya kabati isiyotaka kufunguka.

"Hiyo inainuliwa kwanza ndiyo inavutwa," mkewe alisema kutoka jikoni. "Shemeji, mtu amepima kumbi za nchi nzima, kwake hajui hata droo inayokwama!"

Binti alikuwa mezani na lile daftari, kalamu mkononi. Alikuwa ameanza ukurasa wa arobaini na nne. Nikaona sebule na korido alizochora, na misalaba mitatu: kigae kilicholegea mbele ya sinki, mlango unaolia, na droo. Chumba cha mwisho alikuwa amekiacha kitupu.

"Na humu hakuna kasoro?" nilimuuliza.

"Humo bado," alisema, akamtazama baba yake. "Twende tukapime."

Sanduku aliiweka fomu juu ya goti, akatia sahihi, akanirudishia, akauchukua mpira nyuma ya mlango.