Diski Iliyopakwa Rangi ya Viatu

Baba yangu alichonga mpingo maisha yake yote, na kitu alichokidharau kuliko vyote duniani ni mti mweupe uliopakwa rangi ya viatu. Wachuuzi wa Msasani walikuwa wakiwauzia watalii vinyago vya namna hiyo, na watalii wanalipa huku wanacheka. Baba akirudi nyumbani Temeke anasimulia huku anacheka mpaka anakohoa. "Mtu mzima na akili zake! Hata ukucha hakutia!" Mtihani wake ulikuwa mfupi. Kipime uzito mkononi, kigeuze, kikwangue chini kwa ukucha. Sie watoto tuliujua kabla ya kujua kusoma. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba mie sina kisingizio.

Kiharusi kilimnyang'anya baba ulimi na mkono wa kulia. Sauti yake ikabaki kwenye laptopu yangu kuukuu tu: rekodi kumi na tisa, anaeleza kila kinyago alikitoa wapi, mara Kimakonde, mara Kiswahili, na matusi ya hapa na pale kwa wanunuzi. Nakala nyingine sikuwa nayo, na laptopu yenyewe ilikuwa mahututi, inajizimia tu.

Dada yangu, anayeishi ng'ambo, akanitumia mpya. Ni ile aina unayoifungua kwa bisibisi moja ukabadilisha kila kiungo, ila ilikuja bila diski ya kuhifadhia mafaili. "Diski utachagua mwenyewe," aliniambia kwenye simu. "Usikimbilie kubwa. Na ukishanunua, ijaze yote kwanza kwa mafaili ya takataka, ufungue faili moja moja, ndiyo uiamini." Nikamwitikia "haya dada" kwa sauti ya mtu anayefundishwa kuchemsha maji. Yeye Dar anaijulia wapi? Sikio la kufa halisikii dawa.

Duka la kwanza, kule Kinondoni, lilikuwa la mama mmoja mtu mzima. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho, akanitolea diski ya nusu tera, yaani gigabaiti mia tano. "Kaijaze. Ikikusumbua, irudishe." Basi, hakusema lingine, wala hakuisifia. Nusu tera! Nikamwona hajui biashara.

Duka la pili lilikuwa na mataa na muziki wa singeli unaotikisa vioo. Nikamtajia muuzaji bei ya yule mama wa Kinondoni. "Braza, tera mbili, orijino, wallahi, kwa bei ile ile ya huyo mama." Akaichomeka kwenye mashine yake. Kioo kikaandika tera mbili. "Umeona kwa macho yako? Ukivuka mlango hatujuani." Nikaridhika, maana huo ndio mtihani wetu wa mjini: pasi ikipata moto, redio ikiwaka, funga mfuko twende. Kumbe diski inaweza kukujibu lolote unalotaka kusikia. Mkononi niliiona nyepesi mno. Nikajiambia, mie profesa, teknolojia imekua.

Nikahamisha rekodi zote. Majina kumi na tisa yakajipanga vizuri, nikafungua mbili za mwanzo, baba akaongea. Nikafurahi kweli, nikaifuta laptopu ya zamani, nikampa fundi aichinje achukue spea.

Jumapili nikaenda kumsikilizisha mwenyewe. Ya kwanza ikalia, ya pili ikalia. Ya tatu kimya. Ya nne kimya. Nikafungua mpaka ya kumi na tisa, baba ananitazama tu. Majina yalikuwepo, ndani hamna kitu. Kesho yake nikamrudia muuzaji nikiwa nimefura. "Braza," akaniambia kwa upole, "ilisoma tera mbili, haikusoma?" Ilisoma. Mshenzi yule, na mie mshenzi zaidi yake.

Nikarudi kwa baba nikamweleza ukweli wote, nikaifungua laptopu kwa bisibisi mbele yake, nikaichomoa ile diski nikamwekea kwenye mkono wa kushoto, ulio mzima. Akaipandisha na kuishusha mara mbili. Akaigeuza. Akatia ukucha wa dole gumba pembeni ya lebo, lebo ikabanduka kama ganda la chungwa, na chini yake kulikuwa na lebo nyingine yenye ukubwa wake wa kweli, namba ndogo ya aibu.

Akaniangalia. Kisha akacheka. Kilikuwa kile kile kicheko alichokuwa akiwachekea watalii wa Msasani, kinachoishia kwenye kikohozi, na tangu augue sikuwa nimesikia sauti yoyote ikimtoka kinywani. Nikachomoa simu mbio nimrekodi.

Akakatiza kicheko. Akaninyang'anya simu, akaipima uzito mkononi, akaigeuza, akaanza kuikwangua.