Kimbunga cha Maharage

Wakati wa vita, huku kwetu Kanazi hata kuku aliyetaga kwa jirani alihojiwa. Mimi nilikuwa nasoma ngumbaro, masomo ya watu wazima, jioni, tukitoka shamba la kijiji. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa pwani, na hilo peke yake liliwafanya watu wamtazame kwa jicho la pembeni.

Siku moja alitufundisha kimbunga. Ubao wetu ulikuwa mdogo kama sahani, basi tukatumia maharage ambayo kila kaya ilikuwa imeyaanika uwanjani. Tukayapanga yakizunguka kama mkia wa kinyonga. Hayo ndiyo mawingu. Katikati tukaacha duara tupu, ndilo jicho.

"Kinazaliwa juu ya bahari yenye joto," alisema mwalimu. "Mvuke unapanda, upepo unakimbilia pale, unaanza kuzunguka. Ndani ya jicho kumetulia, kando yake mabati yanaruka na mito inafurika. Kikiingia nchi kavu kinakosa yale maji ya joto, kinakufa."

Kamanda wa mgambo, aliyekuwa akitusikiliza kwa mbali, akatokea. Akatazama maharage, akatazama juu, akatazama tena maharage, mpaka nikaogopa shingo yake itachomoka.

"Mwalimu, hii alama unamwekea nani?"

"Si alama, ndugu. Ni upepo."

"Upepo wenye jicho. Linaangalia nini? Na bahari iko wapi hapa?"

Akamfunga mwalimu kamba ili apelekwe wilayani kwa kosa la kuziita ndege za adui. Siku zile, mtu akipelekwa kwa neno kama hilo, hakuna aliyejua atarudi lini.

Nikasimama, nikaeleza kimbunga toka kuzaliwa hadi kufa. Mwenzangu akaeleza vilevile. Kamanda akatikisa kichwa.

"Mmekaririshwa. Mbona maneno yenu yamefanana hivyo?"

Hapo mke wake, mwanafunzi mwenzetu, akainuka na mtoto mgongoni.

"Baba watoto, haya mawingu mekundu yote ni maharage yako. Niliyaanika mwenyewe asubuhi. Kama ni alama, na wewe umechangia. Tufunge wote, twende."

Hakuna aliyecheka, ingawa mimi mbavu mbili nusura zivunjike kwa kujizuia.

Kamanda akamfungua mwalimu polepole. "Kesho utaanza somo upya," akasema. "Nikiwepo."

Akaja, bunduki mapajani. Akaja na kesho yake, hadi akanishinda kwenye mtihani. Lakini kila kimbunga kilipopangwa uwanjani, kabla mwalimu hajamaliza kusema, kamanda alisogeza maharage kwa mguu akaliziba lile jicho, kisha akatazama juu.