Njia ya baiskeli waliyopima na baiskeli tupu

Leo nimevua kitenge yangu ya juu mbele ya mukwe wangu, katikati ya barabara. Sina haya.

Wametujengea njia mupya ya baiskeli hapa Kapata. Ni muzuri. Lakini mwanzoni mwake wakapanda nguzo mbili za beto ya simenti, karibu-karibu, ati pikipiki zisiingie.

Asubuhi Ilunga, bwana ya binti yangu, akafika na magunia tatu ya makala, makaa ya kupikia, kwenye baiskeli yake.

Akakwama kati ya nguzo. Nyuma yake malori ya madini yanapita.

Injinia wa barabara alikuwa pale. "Mama, muzigo wake ni mukubwa."

"Tata, bukari ya jana, ule ugali wako, ulipikiwa na nini? Na hii njia ulipima na baiskeli gani?"

"Yangu."

"Ilibeba nini?"

Akageuka kuangalia malori.

Basi nikavua kitenge. Ilunga akageuza uso, maskini, anaheshimu buko, ile haya ya mukwe na mama mukwe. Nikaipitisha juu ya magunia, nikafunga fundo kila upande pale muzigo unaishia, nikamupa injinia.

"Pima na hii."

Tukashusha magunia moja moja, Ilunga akapita. Injinia akaenda na kitenge yangu.

Nyinyi munaopika na makala, semeni kama nilikosea.

Kitenge siifuati. Atairudisha siku nguzo zitaachana kama yale mafundo.